Uvimbe wa kina cha ubongo: si kila saratani hung'olewa

Mtu mzima akianguka ghafla pale Kengeja, Pemba, akakakamaa na kutokwa povu, wapo watakaosema kapandwa na shetani, na safari ya kwanza ikawa ya kwa mganga. Sibishani na imani ya mtu. Ila aliyefika miaka arobaini bila kifafa, kisha akaanguka, anahitaji picha ya ubongo. Huenda ni kiharusi, huenda ni maambukizi, na mara chache ni uvimbe. Kichwa kinachouma zaidi alfajiri pamoja na kutapika, au mkono mmoja kulegea siku hadi siku, navyo visipuuzwe.

Saratani kali kuliko zote zinazoanzia kwenye ubongo wa watu wazima ni glioblastoma. Haina mpaka: seli zake hupenya katikati ya seli nzima, kwa hiyo hata daktari akiondoa kila anachokiona, nyingine hubaki. Ikikaa kwenye shina la ubongo, panapoendesha pumzi, mapigo ya moyo na kumeza, kukata kunaweza kuua kabla ya saratani yenyewe.

Hapo upasuaji wenyewe huwa ni kuchukua kinyama cha kupima tu. Mgonjwa hufungwa fremu ya chuma kichwani, hupigwa picha, vipimo vya fremu vikaonyesha njia, kisha fuvu hutobolewa tundu dogo na sindano ndefu ikarudi na kipande kama punje ya mchele. Fremu ya kwanza ya namna hii ilibuniwa London mwaka 1908 na Horsley na Clarke kwa ajili ya wanyama. Spiegel na Wycis wa Marekani waliipeleka kwa binadamu mwaka 1947. Wako wanaoona kinyama hicho ni kupoteza fedha. Si kweli. Kifua kikuu cha ubongo huweza kufanana na saratani kwenye picha, nacho hutibiwa kwa vidonge.

Uvimbe ukifikika, hupunguzwa kadiri inavyowezekana bila kumlemaza mgonjwa, kisha hufuata mionzi. Utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa kuongeza dawa ya temozolomide kwenye mionzi kulisogeza muda wa kati wa kuishi kutoka miezi 12.1 hadi 14.6. Ni kidogo, na familia inastahili kuambiwa hivyo waziwazi kabla ya kuuza shamba la mikarafuu.

Kutoka Kengeja, anzia Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani. Unguja, Hospitali ya Mnazi Mmoja ina kitengo cha upasuaji wa ubongo kilichojengwa kwa msaada wa taasisi ya NED ya Uhispania. Dar es Salaam ipo hospitali ya MOI kwa upasuaji na ya Ocean Road kwa mionzi.

Akianguka mtu, mlaze ubavu na usimtie kijiko mdomoni. Na mpaka daktari aseme, asipande mkarafuu wala asiende baharini peke yake.