Mtaro na Tuta Lake

Wajukuu, nani kati yenu amewahi kusaidia kuchimba fanya juu hapa Tawa? Basi nusu ya hadithi mnayo tayari mikononi. Unakata mtaro kwenye mteremko, udongo unaurusha upande wa juu, na jioni jasho moja limekupa vitu viwili: shimo na tuta. Wajenzi wa ngome walilijua hilo zamani. Wanormani walipoivamia Uingereza mwaka 1066, walichimba handaki la mviringo, udongo wakaulundika hadi ukawa kilima, na juu yake wakasimamisha mnara wa mbao.

Kwetu Afrika Mashariki tuna kazi ya namna hiyo, tena kubwa kuliko mnavyodhani. Iko Uganda, kusini mwa mto Katonga, na inaitwa Bigo bya Mugenyi, yaani ngome za Mugenyi, na mugenyi maana yake ni mgeni. Sisi Wakamba mgeni tunamwita mũeni, kwa hiyo jina hilo si geni sana masikioni mwetu. Masimulizi ya huko yanasema Mugenyi alikuwa mmoja wa Bachwezi, watawala waliokuja kisha wakatoweka, na kwamba alimpenda kupita kiasi ng'ombe wake Bihogo. Mshikeni huyo ng'ombe, tutamrudia.

Mitaro ya Bigo ukiijumlisha inapita kilomita 10. Mahali pengine imeshuka kama mita 4, ikakatwa hadi ndani ya mwamba. Tingatinga halikuwapo.

Mwanaakiolojia Peter Shinnie alichimba pale mwaka 1957, Merrick Posnansky akafuata mwaka 1960. Mwanaakiolojia hafukui kama anayetafuta viazi. Hukata tuta kama mkate, asome ubavu wake. Na tuta, wajukuu, husomeka kichwa chini! Udongo mweusi wa juu ndio uliochimbwa kwanza, kwa hiyo ndio uliolala chini; changarawe za shimoni zikaja juu yake. Kigae kikiwa chini kabisa ya tuta, kilianguka kabla tuta halijakuwapo. Mkaa nao hutaja umri: mti ukifa hauvuti tena kaboni, na ile kaboni yenye mnururisho hupungua nusu kwa kila miaka 5,730 hivi. Hesabu hizo ziliiweka Bigo kati ya karne ya 14 na ya 16.

Walipata nini? Vigae vya vyungu vilivyoviringishiwa kamba iliyosokotwa ili kupata nakshi, na mifupa ya ng'ombe. Bihogo huyo karudi. Wako wanaosema mitaro ilikuwa ya vita. Mimi najiuliza nani angeweka walinzi kilomita 10 zote. Lakini ng'ombe hukwama mbele ya shimo la mita 4, haulizi mlinzi yuko wapi.

Kusini mwa Bigo kuna Ntusi, penye vilima viwili, kimoja dume na kingine jike. Hivyo havikutokana na handaki lolote. Ni takataka: majivu, samadi, mifupa na vigae, vilivyomwagwa mahali pamoja kizazi baada ya kizazi hadi vikawa vilima.

Nyuma ya jiko letu lundo la jivu limefika magotini. Jana kuku amelichakura, akaibua kijiko nilichokitafuta tangu Krismasi. Kilikuwa chini ya maganda ya maembe ya Januari.