Kiangazi cha jasho: Jinsi mwanaspoti wa ridhaa anavyojiandaa kwa kilomita 226

KUOGELEA kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180 na kisha kukimbia marathoni nzima ya kilomita 42.2, yote katika siku moja, ni kibarua ambacho wengi hudhani kimeachiwa wanaspoti wa kulipwa pekee.

Ukweli wa mambo ni tofauti. Katika jiji la Madison, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, ambako mashindano ya Ironman yalianza kuandaliwa kila Septemba mnamo 2002, sehemu kubwa ya wanaojitosa katika Ziwa Monona alfajiri ya siku hiyo ni walimu, wauguzi, mafundi na makarani. Mbio hufanyika Jumapili, na Jumatatu kazi huwa inawasubiri.

Hawa ndio wanaoitwa wanaspoti wa ridhaa. Hawalipwi chochote. Badala yake, wao ndio hulipa mamia ya dola ili waruhusiwe kushiriki, mbali na gharama ya baiskeli, viatu na mavazi.

Je, mtu mwenye ajira na watoto hujiandaa vipi kwa mtihani wa aina hiyo? Wanaoufahamu mchezo huu wa traiathloni watajibu kwamba siri haimo katika kujitesa. Imo katika kujizuia, na katika kugawa saa chache alizo nazo kwa uangalifu mkubwa.

CHIMBUKO LA MCHEZO

Mashindano haya yalizaliwa kutokana na ubishi. Mwishoni mwa miaka ya sabini, wanamichezo katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, walikuwa wakibishana kuhusu nani aliye na mwili imara zaidi: mkimbiaji, mwogeleaji au mwendesha baiskeli.

Afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, John Collins, pamoja na mkewe Judy, walipendekeza dawa ya ubishi huo. Waliunganisha mashindano matatu yaliyokuwepo kisiwani: kuogelea baharini Waikiki, kukizunguka kisiwa kwa baiskeli, na marathoni ya Honolulu. Aliyetangulia kumaliza angeitwa mtu wa chuma, na hilo ndilo jina la Ironman.

Mnamo Februari 18, 1978, watu 15 walianza na 12 wakamaliza. Mshindi, Gordon Haller, alitumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akilipwa kwa kazi hiyo. Kwa hivyo, mwanaspoti wa ridhaa si mgeni katika mchezo huu. Yeye ndiye aliyeuanzisha.

HESABU YA SAA 17

Kwa kawaida, mpinzani mkuu wa mshiriki wa ridhaa ni saa, wala si mshiriki mwenzake. Katika mengi ya mashindano haya, anayeshindwa kumaliza kuogelea katika muda wa saa 2 na dakika 20 huondolewa. Asiyeshuka kutoka kwa baiskeli saa 10 na nusu tangu mwanzo huzuiwa kuendelea. Baada ya saa 17, mlango hufungwa.

Uchungu wa kufungiwa mlango huo unamjua vyema Hiromu Inada, raia wa Japani. Mnamo 2015, akiwa na umri wa miaka 82, alianguka karibu kabisa na utepe wa mwisho huko Kona, Hawaii, na akavuka akiwa amechelewa kwa sekunde chache tu. Jitihada za siku nzima hazikuhesabiwa.

Ndiyo maana mazoezi huanza kwa kalamu na karatasi. Mathalani, anayeogelea mita 100 kwa dakika 2 atatumia saa 1 na dakika 16 majini. Akiendesha baiskeli kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, atatumia saa 7 na dakika 12. Akikimbia kila kilomita kwa dakika 7, atahitaji takriban saa 4 na dakika 55.

Ukiongeza dakika 20 za kubadilisha mavazi, jumla ni saa 13 na dakika 43. Mwendo huo si wa kutisha katika sehemu yoyote ile. Kinachotisha ni kuudumisha hadi usiku.

KWA NINI KIANGAZI?

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, anayeweza kukimbia nje mwezi wowote, huenda isieleweke kwa nini majira ya joto yana uzito mkubwa hivi. Huko Madison, maziwa huganda wakati wa baridi kiasi cha watu kutembea juu yake, na barabara hujaa theluji. Mwanaspoti hulazimika kuendesha baiskeli iliyofungwa ndani ya nyumba na kuogelea kidimbwini.

Juni inapofika, mlango hufunguka. Jua huchomoza mwendo wa saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri na kutua baada ya saa mbili na nusu usiku. Mwenye ajira hupata nafasi ya kuogelea kabla ya kazi na kukimbia baada yake, kungali na mwanga.

Ratiba nyingi za watu wa aina hii huhitaji kati ya saa 10 na 15 za mazoezi kwa juma. Siku za kazi hutengewa vipindi vifupi vya saa moja au moja na nusu. Jumamosi huwa ya baiskeli, saa tano au sita katika vilima vya Verona na Mount Horeb, viunga ambavyo njia ya mashindano huvipitia. Jumapili huwa ya kukimbia.

Aidha, kuna zoezi ambalo halikwepeki: kushuka kwa baiskeli na kuanza kukimbia papo hapo. Dakika za kwanza, miguu huwa mizito kama iliyojazwa mchanga, kwa kuwa misuli ilikwisha kuzoea kuzungusha pedali. Mwili hufunzwa mpito huo kwa kuurudia mara nyingi.

MWENDO WA POLE

Kosa linalowaangusha wengi ni kufanya kila zoezi kwa kasi. Mtu anayebanwa na wakati hudhani kwamba, kwa kuwa saa zake ni chache, ni sharti kila moja iwe ya kumtoa jasho jingi.

Tafiti kuhusu mazoezi ya wanariadha bora wa masafa marefu zimeonyesha kinyume. Takriban asilimia 80 ya vipindi vyao huwa vya mwendo mwepesi, ule unaomwezesha mtu kuzungumza bila kuhema. Sehemu ndogo iliyosalia ndiyo hufanywa kwa ukali.

Kwa Wakenya, jambo hili si geni. Anayewatazama wanariadha wa Iten au Kaptagat wakianza mbio zao nyepesi za asubuhi hushangaa kuona mabingwa wa dunia wakienda polepole mno. Mwendo huo hujenga mishipa midogo ya damu na kuufunza mwili kutumia mafuta kama nishati, bila kuuchosha kiasi cha kushindwa kurejea kesho yake.

Kwa sababu iyo hiyo, makocha wengi huwazuia wanagenzi kukimbia zaidi ya saa tatu kwa mkupuo mmoja. Faida inayopatikana baada ya hapo ni ndogo ikilinganishwa na hatari ya kuumia goti au unyayo, na jeraha la Julai laweza kuyafuta mazoezi ya miezi sita. Mwenda pole hajikwai.

TUMBO NALO HUFUNZWA

Mwili huhifadhi wanga katika misuli na ini, lakini akiba hiyo, takriban gramu 400 hadi 500, hupungua vibaya baada ya saa mbili au tatu za jitihada kali. Kwa safari ya saa 13, ni lazima mtu ale akiwa njiani.

Tatizo ni kuwa utumbo hauwezi kufyonza chakula kingi wakati damu imekimbilia misuli. Kiwango kinachopendekezwa ni kati ya gramu 60 na 90 za wanga kila saa. Anayejaribu kiwango hicho kwa mara ya kwanza siku ya mbio huishia kutapika kando ya barabara. Kwa hivyo, kila safari ndefu ya Jumamosi pia ni zoezi la kula na kunywa.

Madhara ya kuishiwa na nguvu yalionekana na ulimwengu mzima mnamo Februari 1982 huko Hawaii. Mwanafunzi wa chuo kikuu, Julie Moss, aliyekuwa akiongoza wanawake wenzake, aliporomoka hatua chache kabla ya mwisho. Alipitwa akiwa chini, kisha akatambaa hadi kwenye mstari na kumaliza wa pili kwa tofauti ya sekunde 29. Picha hizo za runinga ziliwavutia wengi kuingia katika mchezo huu.

Joto nalo huhitaji kuzoewa. Mwili huchukua kati ya siku 10 na 14 kujirekebisha: kiasi cha maji katika damu huongezeka, na jasho huanza kutoka mapema. Hata hivyo, kunywa maji kupita kiasi ni hatari pia, kwa kuwa hupunguza chumvi katika damu na huweza kusababisha degedege, hata kifo.

HATARI ILIYO MAJINI

Wengi huogopa marathoni, lakini takwimu zinaonyesha kwamba ni majini panapostahili kuogopwa. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mnamo 2017 ulichunguza visa 135 vya washiriki wa traiathloni waliofariki au ambao mioyo yao ilisimama ghafla, kati ya 1985 na 2016. Visa 90 vilitokea wakati wa kuogelea.

Ziwani hakuna mstari chini wa kumwongoza mtu. Ni lazima ainue kichwa kila baada ya muda ili kuyatazama maboya, huku akigongwa kwa mikono na miguu ya wenzake. Maji baridi na hofu humfanya apumue kwa haraka, na moyo wenye kasoro iliyojificha huelemewa.

Kwa sababu hiyo, mwenye busara hupimwa moyo na daktari kabla ya msimu kuanza, hasa akiwa amevuka miaka 40. Wakati wa mazoezi haogelei ziwani peke yake, na hujizoesha mapema vazi la mpira linalombana kifua.

DENI LA NYUMBANI

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa popote. Saa sita za Jumamosi hutoka mahali fulani, na mara nyingi hutoka kwa mke, mume au watoto. Anayerudi mchana akiwa hoi na kulala hadi jioni huwa amewaachia wengine mzigo wa siku nzima.

Wanaofaulu bila kuvunja nyumba zao ni wale wanaojadiliana na jamaa kabla ya kujisajili. Huamka saa kumi alfajiri ili wawe wamerejea wakati wa staftahi, huenda kazini kwa baiskeli, na hutenga siku moja ya juma isiyoguswa na mazoezi. Zoezi lililokosekana kwa sababu mtoto ana homa halifidiwi kwa kuongeza jingine usiku. Hiyo ndiyo njia ya mkato ya kuugua.

MAJUMA YA MWISHO

Katikati ya Agosti, mazoezi hufikia kilele. Kisha, majuma mawili au matatu kabla ya mbio, hupunguzwa kwa makusudi. Huu ndio wakati unaowasumbua wengi, kwani mtu huhisi kana kwamba nguvu zinamtoka na hutamani kujijaribu kwa mara ya mwisho.

Hilo ni kosa. Hakuna zoezi la juma la mwisho linaloweza kumwongezea mtu nguvu za siku ya mbio, ila lipo linaloweza kumchosha. Kinachohitajika ni usingizi, chakula, na kuhakikisha kuwa matairi, mnyororo na breki ziko sawa, pamoja na kujua kuziba pancha bila msaada.

Isitoshe, umri si kizuizi kwa aliye tayari kusubiri. Mtawa Mkatoliki Madonna Buder, aliyeanza traiathloni akiwa na miaka 52, alimaliza Ironman nchini Canada mnamo 2012 akiwa na miaka 82. Naye Inada, aliyefungiwa mlango mnamo 2015, alirejea Kona na kumaliza kabla ya muda kwisha mnamo 2016, kisha tena mnamo 2018 akiwa na umri wa miaka 85.

Kwa yeyote anayenuia kujaribu, makocha hushauri aanze na masafa mafupi yanayotumika katika Olimpiki: kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10. Akizimudu hizo bila ya kuumia wala kukosana na watu wake, ndipo azifikirie zile 226. Haba na haba hujaza kibaba.