Ndoa ya Simu na Kielekezi Ina Masharti Yake

Wako watu wanaodhani kwamba tangu simu ya mkononi ianze kuonyesha njia, kile kielekezi kidogo kinachobandikwa kwenye kioo cha gari hakina kazi tena. Dhana hiyo ina kasoro. Kielekezi hakiihitaji simu ili kijue kilipo. Hupokea mawimbi kutoka kwa setilaiti zinazoizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi na, kikizipata 4 kwa uchache, hupiga hesabu ya mahali gari lilipo. Ramani nayo imehifadhiwa ndani yake. Kwa hivyo, dereva anayepita katika nyika ya Tsavo, mahali ambapo mtandao wa simu umekatika, hapotezi dira.

Hata hivyo, kuijua njia si kuyajua yanayojiri njiani. Ramani iliyohifadhiwa haiwezi kusema kwamba lori limeanguka na kuziba barabara kilomita 5 mbele. Habari kama hizo huja kwa intaneti, na vielekezi vingi havina intaneti yao wenyewe. Hapo ndipo simu inapoposwa: ilete habari za msongamano na hali ya anga pale huduma hizo zinapopatikana, nacho kielekezi kiendelee na kazi yake ya kuongoza.

Posa yenyewe ni nyepesi. Dereva huweka simuni programu ya kampuni iliyokiunda kielekezi, kisha huwasha Bluetooth kwenye vifaa vyote viwili. Aghalabu kila kioo huonyesha nambari ya tarakimu 6. Zikilingana, pande zote mbili hukubali, na vifaa vikawa vimeoanishwa. Asiyejua maana hudhani kulinganisha nambari ni kupoteza wakati. La hasha! Mawimbi ya Bluetooth hufika mita 10 na zaidi, nayo hayazuiwi na mlango wa gari. Nambari hiyo ndiyo shahidi kwamba simu yako haijaozwa kwa kifaa cha jirani.

Baada ya ndoa huja mahari, na hapa ndipo wengi wetu hulaghaiwa na haraka. Kielekezi huuliza: je, niisome orodha ya majina na nambari zako? Je, nikuonyeshe ujumbe unaoingia? Nasi hujibu ndiyo, ndiyo, tusije tukachelewa safari. Chukua mfano wa mwalimu wa darasa ambaye simu yake imejaa nambari za wazazi. Akikubali, orodha hiyo huweza kunakiliwa kielekezini. Siku atakapokiuza kifaa hicho bila kukisafisha, atakuwa ameuza pia siri ambazo si zake. Isitoshe, vielekezi vingi huhifadhi mahali palipoitwa "Nyumbani", na mwizi atakayekiiba atakuwa ameonyeshwa njia hadi mlangoni. Kenya imekuwa na Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu anayegawa mwenyewe alichopewa kwa amana.

Mahari ya pili ni macho. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akiutazama ujumbe kwa sekunde 2 tu, amekwenda mita 44 kama kipofu. Kanuni za 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa mwendoni. Lakini je, mtoto anayevuka barabara kuelekea shuleni atafidiwa kwa shilingi ngapi?

Sisemi kwamba vifaa hivi visioanishwe. Nasema kila ndoa ina masharti. Andika uendako kabla ya kung'oa gari. Ruhusu habari za barabara, uzuie ujumbe. Na ukitaka kukiuza kielekezi au kumpa mtu, toa talaka kamili: vunja uoanishaji kwenye vifaa vyote viwili, kisha ufute kila kilichohifadhiwa.

Walimu nao wasiliache somo hili kwa mafundi. Mwanafunzi anayeweza kukokotoa mwendo na wakati anaweza kuzikokotoa zile mita 44 ubaoni leo, kabla hajaupata usukani kesho.