Likizo ya Mhunze na meli ya Bukoba: ubebe fedha taslimu kiasi gani?

Ikikaribia Novemba simu huanza kuingia. Dada yuko Texas, kaka yuko Uingereza, wote wanakwenda nyumbani Desemba na wote wanauliza jambo moja: nibebe hela kiasi gani mkononi? Siku hizi swali lina nyongeza, maana wengi wanataka kuwapandisha wazee meli ya Victoria, Mwanza hadi Bukoba, kabla au baada ya kukaa nyumbani Mhunze, wilayani Kishapu.

Jibu langu fupi ni hili. Kwa familia ya watu wanne, beba dola 400 au 500 za noti mpya, ziwe akiba na si matumizi. Ukifika, tembea na shilingi laki mbili hadi tatu kwa wakati mmoja, nyingi ziwe noti ndogo. Zilizobaki zikae benki na kwenye simu. Ukijua sababu zake utajipangia mwenyewe hata bei zikipanda, kwa hiyo hebu tuzitazame.

Waliowahi kupanda zile meli kubwa za utalii zinazoondoka Miami au Barcelona wanajua utaratibu wake. Unasajili kadi siku ya kwanza, kila soda inaandikwa kwenye akaunti ya chumba chako, na siku ya mwisho unalipa kwa mkupuo. Noti ni za bandarini na za bakshishi tu. Kwenye meli yetu mambo yamegeuka. Tiketi ya meli ya Serikali unaweza kuilipia bila kugusa noti, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ambayo kila mtu anaiita "control number", mfumo ulioanza mwaka 2017. Lakini ukishapanda, chai na sahani ya wali samaki ni hela mkononi. Kulipa kwa simu kunataka mtandao, na katikati ya ziwa usiku usiutegemee.

Victoria yenyewe ni bibi mwenye historia. Iliundwa Scotland, ikaletwa vipande vipande hadi Kisumu na kuunganishwa huko, ikaanza kazi mwaka 1961. Ilikaa miaka kadhaa bila kusafiri, ikafanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi ziwani mwaka 2020, ikiwa na nafasi ya abiria 1,200. Inaondoka Mwanza jioni, inagusa Kemondo, asubuhi uko Bukoba. Huko ndiko hela ndogo zinakoisha: senene wa kukaanga kama msimu umekubali, kahawa ya kutafuna, mikungu ya ndizi ambayo mama atasisitiza irudi naye Mwanza. Hakuna muuzaji wa senene atakayekusubiri utafute mashine ya ATM. Elfu hamsini za noti za elfu moja, elfu mbili na elfu tano kwa kila mtu mzima zinatosha safari ya kwenda, na nyingine kama hizo za kurudi.

Sasa dola. Hapa ndipo watu wa ughaibuni wanapoumia zaidi, kwa kuwa wanakuja na kumbukumbu za Tanzania ya zamani, ile ambayo hoteli ilikutajia bei kwa dola na dereva akapokea noti yoyote yenye sura ya Mmarekani. Tangu 28 Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza bei au kulipia bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni, ukiacha mambo machache kama ya balozi na maduka yasiyotozwa ushuru. Ukimpa mtu dola leo unampa kazi ya kwenda kuibadilisha, na unamweka kwenye hatari ya kuvunja sheria. Kanuni hizo zilikuja baada ya nchi kupitia uhaba wa dola mwaka 2023 na 2024. Walioagiza bidhaa nje wanaukumbuka vizuri, na dola moja iliwahi kufika karibu shilingi 2,700.

Noti yenyewe nayo ina masharti. Marekani haijawahi kuifuta noti yake ya zamani, na dola 100 ya mwaka 1990 bado ni halali kule. Lakini anayeipokea Mwanza au Shinyanga hana namna ya kuirudisha Washington. Yeye ana mashine ya kukagua, hofu ya noti bandia, na benki ya juu yake yenye hofu hiyo hiyo. Ndiyo maana noti za kabla ya 2006 hukataliwa moja kwa moja, na dola 100 zisizo na utepe wa bluu, yaani zilizotangulia toleo la Oktoba 2013, hutazamwa kwa jicho la shaka. Noti iliyochorwa kwa kalamu au kuchanika kidogo pembeni, iache huko huko. Zile za dola 1 na 5 hupewa kiwango cha chini, na sehemu nyingine hazipokelewi kabisa. Kumpa mhudumu noti tano za dola moja ni kumpa picha za Washington.

Utauliza kwa nini usibadilishe tu kwenye duka la fedha mtaani kama zamani. Wale wa umri wangu wanakumbuka maduka hayo yalivyojaa kila kona. Novemba 2018 Serikali iliendesha operesheni Arusha, mwanzoni mwa 2019 ikaja Dar es Salaam, wanajeshi wakiwemo, na maduka mengi yakafungwa kwa tuhuma za utakatishaji fedha na kufanya kazi bila leseni. Kazi ya kubadilisha ikahamia benki. Mwaka 2023 zilitoka kanuni mpya zilizofungua mlango tena, lakini kule kwetu usitegemee kuyakuta kila mtaa. Badilisha uwanja wa ndege au benki Dar au Mwanza, na uwe na pasipoti mkononi. Usifike Mhunze na dola ukitarajia kuwa mtu atajua cha kufanya nazo. Na kwa wale wanaobeba nyingi: ukiwa na dola 10,000 au zaidi, au thamani yake, unatakiwa kuzitangaza unapoingia Tanzania. Marekani na Uingereza nazo zina masharti yao ya kutangaza unapotoka. Sioni sababu ya mtu wa likizo kufika huko.

Tukifika Mhunze, mambo ni ya aina nyingine. Huu ni mji mdogo wa makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, iliyomegwa kutoka Shinyanga Vijijini mwaka 2002. Ukitoka Shinyanga mjini unapita Kolandoto. Wilaya hiyo hiyo ndiyo yenye mgodi wa almasi wa Mwadui, lakini hela ya wananchi wengi haitoki kwenye almasi. Inatoka kwenye pamba, choroko, mtama na ng'ombe, na hela ya namna hiyo ina msimu. Soko la pamba hufunguliwa Mei. Wakulima wanauza kupitia vyama vyao vya ushirika, AMCOS, noti zinazunguka, pikipiki mpya zinaonekana, ng'ombe wananunuliwa. Ikifika Novemba pamba inapandwa upya na hela ya msimu uliopita imekwisha.

Sisi tunafika Desemba.

Hilo ndilo jambo ambalo wageni wengi wa ughaibuni hawalipigii hesabu. Tunatua nyumbani wakati ambao noti ni chache kuliko miezi mingine yote, na Januari shule zinafunguliwa. Ada ya shule za Serikali imefutwa, msingi na sekondari mpaka kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Lakini sare hazijafutwa, wala madaftari, wala mchango wa chakula.

Wakala wa simu anabanwa na hali hiyo hiyo. Ukitaka kuweka hela, yeye anahitaji floti, yaani salio la kwenye simu. Ukitaka kutoa, anahitaji noti. Desemba kila mwenye ndugu Dar, Mwanza au Geita ametumiwa chochote na anataka kutoa, ila wa kuweka ni wachache. Saa nne asubuhi wakala amebaki na floti tele na droo tupu. Hana kosa. Nenda asubuhi mapema, au utoe Shinyanga mjini kabla ya kupanda gari. ATM nyingi hutoa laki nne kwa mara moja, kwani mashine hutema noti arobaini na noti yetu kubwa kabisa ni ya elfu kumi. Kadi ya nje hukatwa makato pande zote mbili, kwa hiyo toa mara chache kwa kiasi kikubwa.

Hizo noti arobaini nyekundu, misimbazi kama wanavyoziita vijana, zina shida yake. Mhunze asubuhi, mama wa vitumbua hana chenji ya elfu kumi. Zivunje sheli au kwenye duka la jumla siku unayofika, uwe na buku na buku mbili za kutosha.

Njia ninayoipenda mimi ni kujitumia mwenyewe. Sajili laini kwa alama za vidole mara ufikapo, kwa kitambulisho cha NIDA au kwa pasipoti kama uraia wako umebadilika, halafu vuta hela kutoka akaunti yako ya nje kidogo kidogo. Makubwa yalipe moja kwa moja kwa Lipa namba: sare dukani, saruji, magunia ya mahindi ya bibi. Noti baki nazo kwa yale yasiyokubali simu kwa heshima yake: rambirambi, sadaka, soda za wajomba waliokuja kukuona, nauli ya shangazi aliyetoka kijijini kwa miguu na hatarudi kwa miguu wewe ukiwepo. Kiasi hicho hakipangwi na bei ya kitu chochote. Kinapangwa na idadi ya watu watakaokaa chini ya mwembe, na binafsi natenga sehemu kubwa ya laki tatu zangu kwa ajili yao.

Ukimtumia mtu kwa simu badala ya kumpa mkononi, ongeza ya kutolea. Tozo ya miamala iliyokuja Julai 2021 iliwachoma watu mpaka wengi wakarudi kushika noti. Ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba ile, ikapunguzwa tena baadaye, ila makato ya kutoa yapo, na kumtumia mzee elfu ishirini kamili ni kumkata.

Wanaopanga kwenda kusalimia Geita, daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo ile hela ya kivuko na ya mahindi ya kuchoma mkisubiri foleni, iondoe kwenye bajeti.

Jambo la mwisho ni kwenye droo yako huko uliko. Kama ulihifadhi shilingi za likizo ya zamani, zikague kabla hujazihesabu kuwa nauli. Noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya mia tano ya mwaka 2010, ziliondolewa kwenye mzunguko. Benki Kuu ilitoa nafasi ya kuzibadilisha kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Dirisha hilo limefungwa, na kondakta wa basi la Kishapu hatazipokea.