Bima ya boti: Tazama injini kwanza, bei baadaye

Mmiliki wa boti ya uvuvi anapokwenda kukata bima, swali lake la kwanza huwa ni bei. Si swali baya, lakini likiulizwa peke yake linaweza kumgharimu injini.

Katika mialo ya Kigoma, kama Kibirizi na Ujiji, injini ndiyo mtaji wenyewe. Boti ya mbao huundwa na fundi wa mwaloni, na ikipasuka huzibwa hapo hapo. Injini hununuliwa dukani kwa fedha nyingi, mara nyingi za mkopo, na ndiyo wezi wanayoifuata.

Hapa ndipo mkataba unapaswa kusomwa kwa makini. Masharti ya boti ndogo yaliyotungwa London mwaka 1985, ambayo yametumika na kuigwa katika nchi nyingi, hufidia wizi wa injini ya kupachika iwapo tu ilifungwa kwa kifaa cha kuzuia wizi, mbali na skrubu zake za kawaida. Ikichomoka na kuzama majini, haifidiwi. Kwa hiyo asiye na mnyororo na kufuli anaweza kulipa ada mwaka mzima bila kinga yoyote ya wizi huo. Nyavu na taa nazo mara nyingi hazimo mpaka zitajwe kwa maandishi.

Wapo wanaodhani wanabana matumizi kwa kutaja thamani ndogo. Tuseme boti na injini vina thamani ya Sh14 milioni, na ada ni asilimia 3, yaani Sh420,000. Mwenye boti akitaja Sh7 milioni atalipa Sh210,000 tu. Dhoruba ikimletea hasara ya Sh2 milioni, mikataba mingi itampa nusu, kwa sababu alikatia bima nusu ya mali. Ameokoa Sh210,000 na kupoteza Sh1 milioni.

Ada inaweza kupunguzwa bila udanganyifu. Mwenye akiba kidogo anaweza kukubali kubeba mwenyewe sehemu kubwa zaidi ya kila hasara, kampuni ikabaki na ajali kubwa tu. Matengenezo madogo ya mbao hayahitaji bima, fundi anatosha.

Kingine ni majira. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Boti iliyovutwa nchi kavu miezi 3 haina hatari ya kuzama, na mwenye nayo ana haki ya kuuliza punguzo la kipindi hicho kabla ya kusaini. Akiuliza baadaye, atakuwa amechelewa. Siku za mbalamwezi, ambazo wavuvi wa dagaa hupumzika, ni chache mno kwa hesabu hiyo.

Wavuvi walio katika BMU moja wana nguvu zaidi ya kujadili bei wakienda na boti 20 kuliko kila mtu akienda na yake, hasa wakionyesha kuwa kuna mlinzi mwaloni na maboya ya kuokolea maisha ndani ya kila chombo. Ila wakubaliane mapema kuhusu mipaka ya safari: boti iliyokatiwa bima ya maji ya Tanzania ikipata ajali upande wa Congo, kampuni ina sababu ya kukataa.

Kabla ya kutoa fedha, ni vyema kuhakikisha kuwa kampuni na wakala wamesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na kudai stakabadhi pamoja na mkataba wenyewe. Namba ya injini iandikwe humo, na nakala itunzwe nyumbani, si ndani ya boti. Wizi ukitokea, taarifa ifike polisi na kwenye kampuni ndani ya muda uliotajwa katika mkataba. Fidia ikikataliwa bila sababu ya msingi, kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.