Maumivu ya Mgongo (Sehemu ya 3): Ufagio wa Alfajiri

Wiki iliyopita tuliona jinsi pingili tano za kiuno zinavyobeba uzito wote wa kiwiliwili. Leo twende uani, tena mapema, kabla jua halijachomoza, kwa sababu huko ndiko migongo mingi ya akina mama inakoumia.

Saa kumi na moja alfajiri mama ameamka. Hajanywa hata chai. Anachukua ufagio wa chelewa, ambao kwa urefu haufiki kiunoni mwake, anainama, mkono mmoja kauweka mgongoni, na kuanza kufagia majani ya mwembe kutoka mlangoni hadi uzioni. Haachi mpaka uwanja wote uwe na mistari ya chelewa. Akimaliza, anakwenda bombani kujaza ndoo ya lita 20, nayo ni kilo 20 na ushei.

Ubaya uko kwenye saa yenyewe. Kati ya pingili na pingili kuna diski, mfano wa kimto: ndani ute mzito, nje nyuzi ngumu zilizouzunguka. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kwa kunyonya majimaji na kuyaachia. Mchana uzito wa mwili huyakamua, usiku tukilala huyanyonya tena, na ndiyo maana mtu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko alivyokuwa jioni, kwa kama sentimita moja au zaidi. Kwa hiyo alfajiri diski imejaa na nyuzi zake zimekaza. Mtu akiinama saa hiyo, nyuzi za nyuma huvutwa kwa nguvu kuliko akiinama vilevile saa nne asubuhi.

Ndoo nayo ina hesabu yake. Mwaka 1999 watafiti wa Ulm, Ujerumani, walichapisha vipimo vya mgandamizo ndani ya diski ya mtu aliye hai. Mzigo wa kilo 20 ulipoinuliwa kwa mgongo uliopinda, mgandamizo ulikuwa takriban mara mbili ya pale mzigo wa kiasi hicho uliposhikwa karibu na mwili. Basi ndoo isogezwe miguuni kwanza, magoti yakunjwe, ndipo iinuliwe.

Sisemi kuinama ni sumu. Mgongo umeumbwa uiname, na anayeogopa kuinama kabisa humaliza nguvu za misuli yake. Kinachouchosha ni kuinama nusu saa bila kunyooka, siku zote za mwaka. Jimbo la California, Marekani, lilipiga marufuku jembe la mpini mfupi mashambani mwaka 1975, baada ya madaktari kutoa ushahidi juu ya migongo ya vibarua. Ufagio wetu una kasoro ileile ya mpini.

Wengi kiuno kikiuma husema ni figo, kisha hununua vidonge vya diklofenaki dukani na kuvimeza miezi mingi bila kupimwa. Jambo hili linanisikitisha sana, kwani dawa hizo zikitumiwa mfululizo zinaweza kuziharibu figo zilizokuwa nzima. Na ikiwa maumivu yanakuja pamoja na ganzi katikati ya mapaja, mguu kukosa nguvu au kushindwa kuzuia mkojo, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali.

Mama mmoja niliyemhudumia aliufunga ufagio wake kwenye fimbo kwa ukanda wa mpira wa tyubu. Mama mkwe hakupendezwa. Alisema ufagio mrefu unaparaza tu, na kwamba mke anayefagia jua limetoka atasemwa na majirani. Naielewa heshima iliyomo ndani ya maneno hayo, kwani uwanja uliofagiwa mapema ni salamu kwa mgeni. Lakini salamu hiyo inalipwa na mgongo wa mtu mmoja, ilhali nyumba ina vijana watatu wenye nguvu. Walikubaliana hivi: chai ichemke kwanza, ufagio mrefu ubaki, na sehemu ya kuanzia mwembeni hadi uzioni afagie mtoto wa kiume wa kwanza kabla ya kwenda shule.

Wiki ijayo: godoro, mto na namna ya kulala.