Mzazi uko shambani? Tangazo la shule lisikupite

Ijumaa mtoto wa shule ya kanisa Katindiuka anarudi na karatasi: wiki ijayo majaribio, Jumatano kikao cha wazazi, Ijumaa ibada ya wanafunzi. Shida ni moja: baba na mama wako shambani, nyumbani kabaki bibi.

Ndivyo bonde la Kilombero lilivyo. Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia mashamba ya mbali. Mpunga ukitoa masuke, lazima kuamia ndege kuanzia alfajiri. Hapo mtoto huitwa "siku mbili tu", zinakuwa wiki mbili.

Masika nayo, Machi hadi Mei, hubadili ratiba. Mto Lumemo ukifurika, maji huingia Ifakara na njia za kwenda shule hukatika.

Kwa darasa la saba hasara ni kubwa zaidi, maana mtihani wa taifa ni Septemba. Masomo yaliyopotea Mei hayangoji mavuno.

Cha kufanya ni kidogo: kabla ya kwenda shamba, mwachie mwalimu namba ya anayebaki na mtoto. Kila Ijumaa jioni piga simu, uliza: "Karatasi inasemaje?"